Mama Hidaya na Firigisi Laki Moja

Mama Hidaya wa Kasongo aliyajua matumbo ya kuku kuliko watu wengine wanavyoijua mifuko yao. Kwa miaka kumi na saba, kila Alhamisi na kila Jumamosi, alikaa kwenye kigoda chake katika machinjio ya kampuni ya kuku, beseni la maji kuume, bakuli la chumvi kushoto, akafanya kazi ambayo sidhani kama iko mahali pengine duniani. Kazi yake ilikuwa kurudisha firigisi.

Kuku akishachinjwa na Bwana Amisi kwa bismillahi, akanyonyolewa na kupasuliwa, matumbo hutolewa yote na mengi hutupwa. Lakini firigisi, ile nyama ngumu ya duara inayomsagia kuku mahindi yake, ilipita mikononi mwa Mama Hidaya. Aliipasua, akamwaga mchanga, akamenya ile ngozi ya njano, akaisugua kwa chumvi, akaiosha maji matatu, kisha akairudisha ndani ya kuku. Wala si kuku yeyote tu, bali kuku yuleyule ilimotoka. Kuku walipangwa safu moja na firigisi safu nyingine, na ole wake aliyepita karibu akavuruga. Alikuwa tayari kuapa kwamba katika miaka kumi na saba amekosea mara mbili tu, zote mbili mkesha wa Idi, na hizo mbili zinamuuma mpaka leo.

Mtu wa mbali atauliza taabu hizi zote ni za nini. Mtu wa mbali hajaolewa Kasongo. Pale, na Kabambare nzima, awe Mwislamu wa mjini au Mkristo wa shambani, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke akileta kuku mezani, bwana hatazami paja wala kidari, anatafuta firigisi kwanza. Akija mgeni wa heshima, bwana humwachia, na mgeni hujua kwamba hapo amekaribishwa kweli. Ikikosekana, basi imeliwa, na kama imeliwa kuna mtu aliyekula kabla ya mwenye nyumba, na mtu huyo ana jina. Watu wamerudishana kwao kwa jambo hilo. Mwanamke hali firigisi. Hata Mama Hidaya, mjane aliyemzika mumewe Djuma miaka tisa iliyopita, akipata kuku mzima alimpelekea shemeji yake firigisi. Kwa hiyo mama huyu, ambaye kwa hesabu yoyote ameshika firigisi zaidi ya laki moja, hakuwa amewahi kuonja hata moja. Hakuona ajabu. Mchimba kaburi naye halali kaburini.

Aliyemweka kwenye kigoda kile ni Mzee Souleymane, mwuza vitenge aliyeanza na kuku arobaini nyuma ya duka lake mpaka akawa na mabanda manne. Mzee huyo hakusoma biashara popote. Alikuwa na kanuni moja tu, na aliirudia kila asubuhi kama uradi: "Kuku bila firigisi ni kesi." Kwa kanuni hiyo akauza kuku Kasongo, Kabambare, mpaka kwa wachimba dhahabu wa Salamabila, na hakuna mke hata mmoja aliyepigiwa kelele kwa ajili yake.

Lakini uzee hauna dawa. Watoto wa mzee wako Kinshasa na ng'ambo, na hakuna aliyetaka kurudi kunuka mavi ya kuku. Akauza kampuni kwa wageni. Wageni wa wapi, mpaka leo Kasongo haijakubaliana. Wengine wanasema Waholanzi, wengine Wabulgaria, na mzee mmoja wa jirani na msikiti anashikilia kwamba ni Wareno. Kilichoonekana ni mkurugenzi wao, Bwana Henrik, mtu mrefu mwenye masikio mekundu na adabu nyingi, aliyeshuka kwenye pikipiki akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akampa mkono kila mfanyakazi, na mlinzi, na mwendawazimu wa langoni ambaye si mfanyakazi. Watu wakafurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na mwanzoni wenyeji walipona kweli. Zilikuja buti za mpira na kofia nyeupe. Mabanda yakapakwa chokaa, vifaranga vikachanjwa, yakafungwa mabamba ya umeme wa jua na friza sita kubwa. Kuku akawa anauzwa ameganda, ndani ya plastiki yenye picha ya kuku anayecheka. Bwana Amisi mchinjaji aliitazama ile picha akasema, "Huyu anacheka juu hajaonana na mimi."

Kisha Bwana Henrik akaanza kupita kazi kwa kazi na daftari lake, na pembeni yake Joël, bwana mmoja wa Bukavu mwenye miwani na diploma mbili, aliyeajiriwa kutafsiri. Wakafika kwenye kigoda. Mkurugenzi akatazama muda mrefu, akauliza kitu kwa Kifaransa.

"Direkta anauliza," akasema Joël, "unaitoa ya nini kama utairudisha?"

"Naitoa juu iko na mchanga."

"Sasa ukiisha kutoa mchanga, kwa nini usiiache inje?"

Mama Hidaya alimtazama Joël kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Mwambie iko na mwenyewe," akasema.

Joël akatafsiri. Sijui alitafsiri vipi, maana Bwana Henrik alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka, na Mama Hidaya aliiona ile kalamu ikishuka na kupiga mstari. Baada ya siku tatu akaitwa ofisini. Kumbe huko Kinshasa watu wa baa wanazipenda sana firigisi, wanazichoma mishikaki na pilipili, na wananunua kwa kilo. Zingepelekwa Kindu kwa gari, na kutoka Kindu kwa ndege. Kazi ya kuzirudisha ilikuwa imefutwa. Sheria ilimpa mama mwezi mmoja wa kuaga.

Iliuma. Nyumbani alikuwa na mjukuu wake Malaika, aliye sekondari, na paa lililokuwa likisubiri mabati, na mikono isiyojua kazi nyingine. Lakini kilichomkereketa usiku na mchana ni kile kicheko. Miaka kumi na saba ya kulinda amani ya nyumba za watu, halafu mtu mwenye masikio mekundu anacheka.

Kwa vile mwezi ule lazima alipwe, na Bwana Henrik hapendi mtu alipwe bure, akampa mahali pa kukaa. Utaratibu wa makao makuu ulidai kila tawi liwe na meza ya malalamiko. Meza ilikuwapo tangu mwanzo na haikuwahi kupata mtu. Wakamweka Mama Hidaya hapo na rundo la karatasi zenye vyumba vinne vya kuweka alama: Harufu, Uzito, Rangi, Mengineyo.

Kuku wa kwanza bila firigisi waliuzwa Alhamisi. Ijumaa, kabla ya sala, foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka barabarani.

Wa kwanza alikuwa Carine, mke wa fundi baiskeli, ameshika mfuko wa plastiki na macho yamevimba. "Mama Hidaya, bwana yangu aliuliza iko wapi. Nikasema kompani ilitoa. Akasema, kompani ilianza lini kula mbele yangu? Sasa bwana iko kwa mama yake, na mama yake njo anafurahi." Njo ya Kasongo ni ndiyo ya pwani.

Mama Hidaya akatafuta chumba cha kuweka alama. Haikuwa harufu, wala uzito, wala rangi. Akaweka kwenye Mengineyo.

Akafuata katekista Grégoire, mtu wa watu, amevaa koti juani. Nyumbani kwake alifika mkubwa wake wa kanisa kutoka Kabambare, siku mbili njiani, na kuku akaletwa. Mkubwa akapekua sahani kwa uma, polepole, kwa upendo wa Kikristo, kisha akasema ameshiba. Tangu jana yake wazee wa kanisa walikuwa wamemketisha mpishi, dada mmoja aitwaye Darlène, wakimwomba kwa upole aungame. "Na dada wa watu anaungama kila siku," akasema Grégoire, "lakini hilo hapana." Mengineyo.

Akaja mama Aurélie, ambaye binti yake alikuwa ameposwa. Watu wa upande wa mchumba walikuwa wametoka mbali na mbuzi wao. Baba mkubwa wa mvulana alichovya upawa sufuriani mara tatu, akautazama kila mara, akasimama, akachukua kofia yake. Alisema kwa heshima zote kwamba inaonekana mwanamume mwingine ametangulia katika nyumba ile. Mbuzi alirudi naye.

Na Jumanne akafika mchimba dhahabu kutoka Salamabila, siku mbili kwa pikipiki, mvua yote mgongoni, amekuja kurudisha kuku. Kuku mwenyewe alikuwa ameshaliwa. Alirudisha mifupa yote, imefungwa kwenye kitambaa, ili kampuni ihakikishe yenyewe kwamba haimo.

Mama Hidaya aliandika yote. Aliandika kwa mwandiko wa duara aliofundishwa na masista, bila kupunguza wala kuongeza, na sitasema kwamba hakupata raha kidogo. Jioni karatasi zilipelekwa juu, na Joël alizitafsiri akiwa ameshika tama. Ilimwia vigumu kumweleza mkurugenzi kwamba ndoa kumi na moja zimetikisika kwa sababu ya kitu chenye ukubwa wa yai la bata. Bwana Henrik alisikiliza kwa makini, kwa sababu ni mtu wa makini, na baada ya siku mbili akatoka na dawa. Wanaotaka firigisi watauziwa. Watauziwa peke yake, ndani ya mfuko mdogo, ishirini ishirini.

Kama kuna mtu anayetaka kujua jinsi moto unavyozimwa kwa petroli, aulize Kasongo juma lile.

Wake za watu walinunua. Mke akitaka amani hanunui ishirini aziache. Akatia mbili sufuriani ili bwana afurahi zaidi. Bwana akaketi, akapata ya kwanza, akatabasamu, akapata ya pili, akaacha kutabasamu. Kuku mmoja ana firigisi moja, mtoto wa miaka minne anajua. "Hii ya pili," aliulizwa Carine, ambaye ndiyo kwanza amerudiwa na mumewe, "ni ya nani?" Na hata aliyetia moja hakupona, maana mji wote ulijua kuhusu mifuko, na hakuna mzee mwenye akili timamu aliyekuwa tayari kupewa heshima kwa firigisi ya kuku asiyemjua.

Basi watu wakafanya walichofanya babu zao. Wakarudi sokoni kwa kuku hai, wale wanaoletwa kwa baiskeli kutoka vijijini, wamefungwa miguu, vichwa chini, wanatukana njia nzima. Huyo ukimchinja unajua kila kitu kimo. Friza sita za kampuni zikajaa mpaka vifuniko vikakataa kufunga. Yale mabamba ya jua yakazidiwa, harufu ikaanza, na kwa mara ya kwanza Mama Hidaya akapata kutumia chumba kingine kwenye karatasi zake.

Makao makuu wakaandika kwamba tawi lina miezi miwili ya kujiponya au lifungwe. Kilichokuwa kikila fedha zaidi ni mahindi ya kulisha kuku. Bwana Henrik alisikia kwamba kule Lusangi chefu, mtawala wa kimila wa pale, ana bonde zuri lililolala, la kutosha kulisha kuku wa jimbo zima la Maniema. Akiipata ile ardhi kampuni inaishi, asipoipata funguo zinarudi ng'ambo. Akaamua kwenda mwenyewe kuomba, na kuchukua zawadi: kuku mmoja wa kampuni, mnene kuliko wote, aliyeganda, na ile picha inayocheka.

"Direkta," akasema Mama Hidaya kupitia kwa Joël, "kwa chefu tunapeleka kuku muzima. Anamuona, anamushika, anashukuru. Kuku ya barafu haisalimie mutu."

Bwana Henrik akajibu kwamba chefu lazima aone ubora wa bidhaa. Lakini akamwomba Mama Hidaya afuatane nao, kwa sababu mama yake mzazi alizaliwa upande ule, naye mwenyewe anajuana na Mama Louise, mke wa chefu. Siku ya safari zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi wake wa kuaga uishe.

Asubuhi ile Mama Hidaya alipitia machinjio. Bwana Amisi alikuwa anamsubiri na kitu kwenye jani la mgomba. "Ni ya ile kuku ya chefu?" akauliza mama. "Ni yake," akajibu Amisi, "nilisimama hapa mimi mwenyewe." Mama akaenda nayo nyumbani, akaisafisha, akaiosha maji matatu, akaichemsha na chumvi, akaifunga vizuri na kuitia chini kabisa ya kikapu chake.

Safari ilichukua siku nzima kwa pikipiki mbili, kuku wa chefu mbele ndani ya sanduku la barafu, Mama Hidaya nyuma na kikapu mapajani. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri. Akikaa kimya kama maji ya mtungini, Bwana Henrik ataanguka mbele ya watu na atalipia kile kicheko, na kampuni itakufa, na kigoda chake kitakuwa kuni. Akiitoa ile firigisi, mkurugenzi atapona, atarudi Kasongo, atasaini karatasi ya kumwachisha mama kazi Jumamosi kama ilivyopangwa, na hatajifunza kitu. Mpaka wanaingia Lusangi alikuwa bado hajaamua, na kiuno kilikuwa kimekufa.

Chefu aliwapokea vizuri, mtu mzima mwenye sauti ndogo isiyohitaji kupandishwa. Aliipokea plastiki ile kwa mikono miwili, akaitazama picha, akampa mkewe. Wanaume wakaketi sebuleni na wazee watatu. Mama Hidaya akaingia jikoni na Mama Louise na mabinti zake.

Mama Louise alimngoja kuku ayeyuke, akamkata vipande, na kisu chake kikasimama. Akatia mkono ndani, akautoa. Akatia tena.

"Mama Hidaya," akasema, "hii kuku ilikufa na ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, mama. Ni direkta."

Mama Louise aliketi. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, na haijawahi kutoka sahani jikoni kwake yenye mashaka. Hapo Mama Hidaya angeweza kufungua kikapu na jambo likaisha kimyakimya kati ya wanawake wawili. Mkono ulikwenda mpaka kwenye kifuniko. Lakini akakumbuka kicheko, akaurudisha mkono mapajani. Liwalo na liwe, akajiambia, kwanza aone.

Chakula kilipoiva Mama Louise aliibeba sahani mwenyewe, akaiweka mezani, na hakuondoka. "Chefu," akasema, "kuku iliingia mu jiko yangu hivi. Shahidi ni huyu mama."

Chefu akaigeuza nyama kwa kijiko, kipande kwa kipande. Wazee watatu wakanyoosha shingo. Kisha akaweka kijiko chini na kumtazama mgeni.

"Nani alitangulia kula?"

Joël akatafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Bwana Henrik, ambaye ni mkweli, akaeleza kwa furaha kwamba hakuna aliyekula, firigisi zote hupelekwa Kinshasa, huko zinapata bei nzuri.

"Kwa hiyo," akasema chefu taratibu, "iko mutu Kinshasa mukubwa kuliko mimi."

Nje mbuzi alikohoa.

"Basi yeye njo atakupa shamba."

Joël alitafsiri na hilo. Masikio ya Bwana Henrik yaliyokuwa mekundu yakawa meupe. Mama Hidaya alimwona, kupitia mlango wa jikoni, mtu mzima aliyesafiri bahari kadhaa, anaangushwa na kitu alichokipiga mstari kwa kalamu. Alikuwa amedhani atafurahi. Kumbe aliona huruma, na huruma ile ikamkasirisha, lakini haikuondoka. Akafungua kikapu.

Aliingia sebuleni ameinama kidogo kwa heshima, jani la mgomba juu ya viganja viwili. "Chefu, unisamehe. Hii ni yake mwenyewe, ya hii kuku. Bwana Amisi iko shahidi. Kazi yangu ni kuzirudisha, miaka kumi na saba. Kazi yenyewe inaisha kesho kutwa, juu kompani haina tena lazima na mimi. Sasa hii njo ya mwisho."

Akaiweka katikati ya sahani.

Chefu aliisukuma kidogo kwa kijiko, akaona ilivyomenywa bila alama hata moja ya njano. Akamwuliza Bwana Henrik, kwa upole mkubwa, kama ni kweli kwamba alikuwa na mtu wa kufanya kazi hii, akamfukuza kwa hiari yake. Joël hakuongeza wala kupunguza. Bwana Henrik alitazama firigisi, akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza tangu afike Maniema hakuwa na daftari mkononi. Alisema kwamba ni kweli, kwamba alikosea, na kwamba Jumamosi mama atakuwa kwenye kigoda chake kama atakubali kurudi.

"Shamba tutaongea," akasema chefu. "Kwanza tukule."

Akachukua kisu, akaikata firigisi nusu kwa nusu, nusu moja akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Heshima kama hiyo wazee wale watatu hawakuwahi kuiona. Joël akamnong'oneza mkurugenzi aile taratibu, na aonekane anaifikiria.

Lakini Bwana Henrik, nimeshasema, ni mtu wa adabu nyingi. Akainuka, akaichukua sahani yake kwa mikono miwili kama alivyoona watu wakifanya, akamletea Mama Hidaya.

Mzee mmoja alivuta pumzi na hakuitoa. Mabinti walijazana mlangoni. Mwanamke, mbele ya chefu, kwa firigisi ya chefu. Mama Hidaya hakujua pa kuweka macho.

Chefu alifikiri. "Mutu akipewa kitu, ni yake," akasema mwishowe. "Na yake anaweza kumupa anayependa. Mama, kula."

Akala. Amesimama, mbele ya watu wote, firigisi ya kwanza maishani mwake. Alitafuna. Akaendelea kutafuna. Ilikuwa ngumu. Ilikuwa na ladha ya chumvi aliyoitia mwenyewe, na zaidi ya chumvi hakukuwa na kitu, ni kama kutafuna ukosi wa shati. Alimkumbuka marehemu Djuma alivyokuwa akifumba macho akila, na mume wa Carine aliyehamia kwa mama yake, na yule baba mkubwa na kofia yake na mbuzi wake, na mifupa iliyosafiri siku mbili mvuani. Kwa hii. Akameza, akashukuru kwa goti, akarudi jikoni kunywa maji.

Wanawake wote walikuwa wanamsubiri. Mama Louise akafunga mlango kwa mguu.

"Sasa sema. Iko namna gani?"

Mama Hidaya alishika kikombe. Neno moja tu hapo, na kesho litakuwa Kabambare, na keshokutwa Kasongo, na wanawake watacheka, na wakishacheka wanaume wataona haya kuitafuta, na isipotafutwa hakuna haja ya mtu wa kuirudisha. Kigoda alichokirudisha sasa hivi kilikuwa juu ya ulimi wake.

"Mama Louise," akasema, "ile ni kitu ya wanaume. Tuwaachie tu."

Mama Louise alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akaziba mdomo kwa kitenge, akaegemea ukuta, na machozi yakamtoka.

"Njo vile nilisema na mimi," akasema alipopata pumzi. "Mwaka ya harusi yangu. Nilikata kipande kidogo chini, hakikuonekana. Nikasema, ah, hii? Basi tuwaachie."

"Mimi kwa mama mkwe," akasema binti mkubwa kwa sauti ndogo.

"Mimi kila Noeli," akasema mwingine, na akapigwa kibao kidogo na mama yake.

Mama Hidaya aliketi polepole. Aliwatazama mmoja mmoja. Akawaza juu ya Carine na macho yake yaliyovimba, akamwaza dada Darlène aliyekataa kuungama, na akaona kwamba kwa miaka kumi na saba, na firigisi laki moja mikononi, alikuwa pengine mwanamke pekee mwaminifu katika Maniema ya kusini. Hakujua kama acheke au alie, basi akaomba kipande cha paja.

Jumamosi alifika machinjio mapema. Kigoda kilikuwa mahali pake, na mtu alikuwa ameshachota maji. Joël alimletea karatasi ya kazi mpya, yenye jina refu la Kifaransa na mhuri, naye mama akaikunja na kuitia kifuani bila kuisoma. Bwana Amisi akaleta kuku wa kwanza, akauliza safari ilikuwaje, na kama ni kweli wanachosema watu, kwamba amekula mbele ya chefu.

"Ni kweli."

"Na iko tamu?"

"Sana," akasema Mama Hidaya, akaiosha ya kwanza maji matatu, akairudisha ilimotoka, na kumvuta kuku wa pili.